Kinachonuka na kisichonuka jikoni mwako

IKIWA unaishi mjini, msomaji, basi aghalabu upishi wa nyumbani mwako hutegemea mojawapo ya vitu viwili: mtungi wa gesi au jiko la makaa. Katika nyumba nyingi vyote viwili vimo. Wakati mwingine huwekwa hatua chache tu kutoka kitandani, kwa kuwa chumba cha kupanga ni kimoja, na hicho ndicho sebule, ndicho jikoni, ndicho malazi.

Mtungi huogopwa na wengi. Mtoto akiugusa hukemewa, na harufu kidogo ikisikika watu hukimbilia nje. Jiko la makaa, kwa upande mwingine, ni kama jamaa wa nyumbani. Likishawaka vizuri na moshi ukaisha, huingizwa ndani na mlango ukafungwa, hasa katika ile miezi ya baridi ya Juni na Julai.

Hebu leo tuvitazame vitu hivi kwa jicho la mwanafunzi wa kemia. Wewe unayesoma sekondari umefundishwa kwamba kitu chochote chenye uzito na kinachochukua nafasi ni maada, na kwamba maada ina sifa za aina mbili: za kifizikia na za kikemia. Labda uliziandika daftarini, ukazikariri, ukapita mtihani na kuzisahau. Huenda mzazi wako hakuwahi kuzisikia kamwe. Ilhali sifa hizo zina uwezo wa kuamua iwapo watu wa nyumba yenu wataamka salama kesho asubuhi.

Sifa za aina mbili

Sifa ya kifizikia ni ile unayoweza kuitambua au kuipima bila ya kukigeuza kitu kuwa kitu kingine. Rangi, harufu, uzito, ugumu na kiwango cha joto ambacho kitu huyeyuka au huchemka ni baadhi ya sifa hizo. Maji yakiganda kuwa barafu, bado ni maji. Chumvi ikiyeyuka ndani ya sufuria haijapotea. Yachemshe maji hayo hadi yakauke, nawe utaikuta chumvi yako imeganda chini ya sufuria.

Sifa ya kikemia huonekana pale tu kitu kinapogeuka kuwa kingine. Tia kijiko cha sukari katika kikaango kikavu ukiache motoni. Sukari itayeyuka, itakuwa ya rangi ya kahawia, kisha itatoa moshi na kubaki kitu cheusi, kichungu. Hata ukikitia kitu hicho majini na kukichemsha mchana kutwa, sukari hairudi.

Wahenga walituambia kwamba nyumba njema si mlango. Ndivyo ilivyo kwa maada pia. Rangi na harufu ni mlango tu. Kile ambacho kitu kinaweza kugeuka na kuwa, huwezi kukijua kwa kukitazama.

Mtungini mna nini?

Gesi ya kupikia kwa kawaida ni mchanganyiko wa gesi mbili, propani na butani. Propani huchemka katika nyuzi 42 za Selsiasi chini ya sifuri. Butani huchemka karibu na sifuri, pale maji yanapogandia. Maana yake ni kwamba katika joto la Nairobi, Mombasa au Kisumu, vitu hivi haviwezi kukaa katika hali ya majimaji isipokuwa vikishinikizwa kwa nguvu ndani ya chuma.

Ndiyo sababu ukiutikisa mtungi husikia kitu kikicheza ndani mfano wa maji. Ndiyo sababu pia, ukipika kwa muda mrefu, mtungi huwa baridi ukiugusa. Majimaji hayo yanapogeuka kuwa gesi huhitaji joto, na joto hilo huchukuliwa kutoka kwenye chuma.

Hadi hapo hakuna kilichogeuka kuwa kitu kingine. Hizo ni sifa za kifizikia tu. Lakini usizidharau, kwa sababu mbili.

Kwanza, majimaji hayo yakitoka mtungini na kuwa gesi, hutanuka kiasi cha mara 250. Tena yakipata joto yakiwa bado mtungini, hutanuka pia. Kwa hivyo mtungi haujazwi hadi pomoni. Kiasi cha sehemu moja kwa tano huachwa wazi ili kuwe na nafasi ya kutanukia. Anayejaza mitungi kwa siri uani hana vipimo vya kumwonyesha nafasi hiyo, na mtungi uliojazwa kupita kiasi kisha ukaachwa juani ni hatari kubwa.

Pili, gesi hii ni nzito kuliko hewa. Propani ina uzito wa mara moja na nusu wa hewa, na butani uzito wa mara mbili. Ikivuja haipai juu na kutoka dirishani kama moshi. Huteremka, ikatambaa sakafuni, ikajikusanya chini ya kitanda, nyuma ya kabati na ndani ya mitaro.

Sasa njoo kwenye sifa yake ya kikemia. Gesi hii hushika moto ikichanganyika na hewa. Kila molekuli ya propani huchukua molekuli tano za oksijeni na kutoa tatu za kaboni dioksidi na nne za mvuke wa maji, pamoja na joto jingi. Mwali wa buluu chini ya sufuria yako ni kazi hiyo ikifanyika kwa utaratibu, kidogo kidogo.

Hatari huja kazi hiyo ikifanyika yote kwa mpigo. Gesi ikifika kiasi cha asilimia 2 ya hewa ya mahali, cheche moja yatosha. Chukua chumba cha mita 3 kwa mita 3, chenye kimo cha mita 2 na nusu. Kilo moja hivi ya gesi iliyovuja na kuenea humo inatosha kukifanya chumba kizima kiwe tayari kulipuka. Mtungi mdogo unaotumiwa na wengi wetu una kilo 6.

Wakenya hawahitaji kukumbushwa sana juu ya jambo hili. Usiku wa Februari 1, 2024, lori lililobeba gesi lililipuka katika mtaa wa Embakasi, Nairobi. Moto ukaenea hadi kwenye nyumba za watu, baadhi yao wakafariki na mamia wakajeruhiwa.

Harufu iliyotiwa makusudi

Huenda jambo hili litakushangaza: gesi ya kupikia yenyewe haina harufu. Ile harufu mbaya unayoijua, inayofanana na kabichi iliyooza, si yake. Ni ya kemikali yenye salfa, ambayo hutiwa kwa kiasi kidogo mno kabla ya gesi kuuzwa.

Desturi hiyo ina historia ya kusikitisha. Mnamo Machi 18, 1937, shule moja katika mji wa New London, jimbo la Texas nchini Marekani, ililipuka saa za masomo. Gesi asilia iliyokuwa ikitumiwa kupasha majengo joto ilikuwa imevuja na kujaa chini ya sakafu, wala hakuna aliyeinusa, kwa sababu haikuwa na harufu. Watu wapatao 300 walikufa, wengi wao watoto. Baada ya msiba huo, Texas ilipitisha sheria kwamba gesi itiwe harufu, na mahali pengi duniani wakafuata.

Kwa hivyo ukisikia harufu hiyo, jua kwamba onyo limekufikia. Funga mtungi. Usiwashe taa, na kama inawaka usiizime, maana swichi hutoa cheche ikiguswa. Fungua milango na madirisha, kisha toa watu nje. Ukitaka kujua mahali panapovuja, paka povu la sabuni kwenye mpira na kwenye maungio. Palipo na tundu patatoa mapovu. Kamwe usitafute kwa kiberiti!

Jiko lisilo na moshi

Sasa tuligeukie lile jiko tunalolipenda.

Makaa ni kuni zilizokwisha kupitia badiliko la kikemia. Ndani ya tanuri, kuni huchomwa kwa hewa kidogo hadi maji, lami na vitu vingi vinavyotoa moshi vitoke. Kinachobaki, kwa sehemu kubwa, ni kaboni. Kwa sababu hiyo makaa yakishawaka vizuri hayatoi moshi wala hayawashi macho, na mwenye nyumba huamini kwamba sasa hakuna kinachotoka humo.

La hasha! Kaboni ikipata hewa ya kutosha huungua kabisa na kuwa kaboni dioksidi, ambayo ina atomu mbili za oksijeni. Isipopata hewa ya kutosha, huungua nusu tu na kuwa kaboni monoksidi, yenye atomu moja ya oksijeni. Tofauti ni atomu moja tu, lakini tofauti hiyo ni ya uhai na mauti.

Pengine umewahi kuona vimiali vidogo vya buluu vikicheza juu ya makaa mekundu. Hiyo ndiyo kaboni monoksidi, ikimalizia kuungua baada ya kukutana na hewa hapo juu. Ile isiyowahi kuungua hubaki chumbani nawe.

Zitazame sifa zake za kifizikia. Haina rangi. Haina harufu. Haina ladha. Haikoozeshi wala haikutoi machozi. Uzito wake unakaribiana sana na ule wa hewa, kwa hivyo haiteremki kama gesi ya mtungi. Huchanganyika na hewa yote ya chumba, ya juu na ya chini, na aliyelala kitandani huivuta sawa na aliyelala mkekani. Wala haiyeyuki majini ila kidogo sana. Ikiwa umewahi kuambiwa kwamba beseni la maji likiwekwa kando ya jiko hunyonya sumu, usitegemee maneno hayo.

Sifa yake ya kikemia ndiyo inayoua. Damu yetu hubeba oksijeni kwa kutumia himoglobini, ile inayoipa rangi nyekundu. Kaboni monoksidi huishika himoglobini kwa nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni inavyoishika. Ikishaingia hukalia kiti cha oksijeni na kukataa kuondoka. Mtu hupumua kama kawaida, kifua kinapanda na kushuka, lakini moyo na ubongo havipati wanachohitaji.

Dalili zake zinadanganya. Kichwa huuma, kizunguzungu huja, mtu husikia kichefuchefu na mwili hulegea. Mchana, angedhani ni malaria au uchovu wa kazi. Usiku ni vibaya zaidi, kwa sababu aliyelala hazisikii dalili hizo. Hupita kutoka usingizini hadi kuzirai, na wengine hawaamki tena.

Hakuna atakayetia harufu hii

Hapa ndipo ningependa utulie kidogo, msomaji. Kwa nini gesi ya mtungi hutuonya na ile ya jiko haituonyi?

Gesi ya mtungi hutoka kiwandani. Kabla haijakufikia hupitia mikononi mwa watu, nao wanaweza kuitia harufu. Kaboni monoksidi haiuzwi dukani. Huzaliwa papo hapo katika jiko lako, kutokana na makaa yako na hewa ya chumba chako. Hakuna kiwanda kitakachopata nafasi ya kuitia harufu kabla hujaivuta. Anayeweza kukuonya ni wewe mwenyewe, kwa kuijua.

Hata jiko lililoboreshwa la udongo, ambalo lilienea humu nchini tangu miaka ya 1980 na kutuokolea makaa mengi, halina kinga dhidi ya jambo hili. Linapunguza makaa yanayotumika. Haligeuzi tabia ya kaboni.

Basi yafanye haya. Pika kwa makaa nje, au penye madirisha mawili yaliyo wazi ili hewa ipite. Washia jiko nje, lakini usidhani kwamba kuisha kwa moshi ni kuisha kwa hatari. Usilale kamwe na jiko chumbani, hata likiwa limebakia makaa machache yaliyofunikwa na majivu, kwani makaa yanayofifia kwa kukosa hewa bado hutoa sumu. Mtoto akiona baridi, mwongeze blanketi na soksi. Wageni wanaotoka sehemu zenye joto waelezwe mapema kabla ya kuingiza jiko ndani.

Ukimkuta mtu amezirai katika chumba chenye jiko, fungua mlango na madirisha, mtoe nje kwenye hewa safi upesi, na umpeleke hospitali apewe oksijeni. Usiingie na kukaa humo ukijaribu kumwamsha, maana hewa ile ile itakuangusha nawe.

Nawe mwanafunzi, leo jioni mwonyeshe mama au nyanya ile chumvi inayorudi baada ya maji kukauka, na ile sukari isiyorudi. Kisha mweleze kwamba makaa ni kama ile sukari: yakiungua huwa kitu kingine, na kitu hicho hakionekani. Halafu, kabla ya watu kulala, saidia kulitoa jiko nje.