Vipele Vidogo vya Uume: Visiwatie Woga

Ndugu wafanyakazi, jambo hili wengi wanaona haya kulisema. Lakini sisi wa dispanseri tunaliona kila mara: mwanaume anangojea wengine wote watoke, ndipo anafunga mlango na kusema kwa sauti ya chini kwamba ana vipele mahali pa siri.

Fundi mmoja wa karakana alitufikia akiwa na kidonda cha kuungua. Alikuwa ameona vitone vyeupe juu ya uume, akadhani bibi yake amemletea ugonjwa. Wakagombana, bibi akarudi kwa wazazi wake. Yeye akapakaa asidi ya batri. Tulipomchunguza, ngozi iliyobaki salama ilikuwa bado na vitone vile vile, wala havikuwa ugonjwa.

Vitone hivyo ni vifuko vya mafuta ya ngozi. Penye nywele, mafuta hutoka pamoja na unywele. Pasipo nywele, kifuko kinaonekana kama punje ndogo, nyeupe au ya manjano, ya milimeta 1 hadi 3. Ukivuta ngozi, kinaonekana zaidi. Vinakuwa juu ya uume, juu ya mfuko wa mapumbu, hata kwenye midomo. Muganga wa Marekani, John Addison Fordyce, aliviandika mwaka 1896, ndiyo maana vinaitwa kwa jina lake. Wengine wana vipele vilivyopangana kama shanga kuzunguka kichwa cha uume. Navyo havina ubaya. Havitoki kwa mwanamke, haviambukizi, havitaki dawa. Usivikamue.

Vipele vya mafuta ya mashini ni jambo lingine. Salopeti iliyolowa mafuta inakaa juu ya mapaja mchana kutwa, matundu ya nywele yanaziba, vinatoka vipele vyeusi au vya usaha. Hapo dawa ya kwanza ni kufua salopeti. Kitambaa chenye mafuta usikiweke mfukoni. (Zamani, Uingereza, wafanyakazi wa viwanda vya nyuzi walipata kansa ya mfuko wa mapumbu kwa sababu ya mafuta yaliyolowesha suruali zao, si mchezo.) Nanyi wamama, salopeti hiyo ifuliwe mbali na nguo za watoto.

Mje kwetu upesi mkiona kidonda, hata kisichouma, maana kaswende mara nyingi huanza bila maumivu. Au malengelenge, au vinyama vinavyoota na kuongezeka, au usaha wakati wa kukojoa. Vipele pamoja na homa na tezi za kinena kuvimba vinaweza kuwa mpox. Tangu mwaka 2023 ugonjwa huo ulienea Kamituga, mji wa machimbo ya dhahabu wa Kivu ya Kusini, hata kwa njia ya kulala pamoja. Kwa mambo hayo, mje wawili, bwana na bibi.

Yule fundi, kidonda chake kilichukua majuma matatu. Tulimwita bibi yake, tukawaeleza wote pamoja. Alikubali kurudi nyumbani, lakini kwanza alitaka bwana aombe msamaha mbele yetu.