Lafudhi ngeni ng'ambo: Namna mwanafunzi anavyoweza kuizoea

WANAFUNZI wengi kutoka Tanzania na Kenya wanaokwenda kusoma Uingereza huondoka nyumbani wakiamini kuwa lugha haitakuwa kikwazo. Wamefundishwa kwa Kiingereza kwa miaka mingi, wamefaulu mtihani wa IELTS na barua za kukubaliwa vyuoni wanazo mkononi.

Wiki za kwanza huwaonyesha jambo jingine. Dereva wa basi mjini Glasgow, mwenye duka Newcastle au mwanafunzi mwenzao kutoka Liverpool huzungumza Kiingereza ambacho hawakukisikia darasani wala katika taarifa za habari.

Tatizo hilo si dogo. Shahada ya uzamili nchini humo kwa kawaida huchukua mwaka mmoja tu. Anayetumia miezi mitatu akibahatisha yasemwayo na wahadhiri huwa amepoteza robo ya masomo yake, na ada haipungui kwa sababu hiyo.

Kufaulu mtihani si kinga kamili. IELTS hupima kusikiliza, kusoma, kuandika na kuzungumza kwa alama za 0 hadi 9, na vyuo vingi hutaka wastani wa kati ya 6 na 7. Sehemu ya kusikiliza huchukua takriban dakika 30, na ile ya kuzungumza dakika 11 hadi 14. Lakini semina ya chuo haifuati utaratibu wa mtihani: watu hukatizana, hucheka, hutania na kuacha sentensi njiani.

Sababu za sikio kukwama zinaeleweka. Kiswahili kina irabu tano, ilhali Kiingereza sanifu cha Uingereza huhesabiwa kuwa na irabu takriban 20, zikiwemo zile za kuunganisha sauti mbili. Ndiyo maana maneno 'cat', 'cut' na 'cart', ambayo kwa Mwingereza ni matatu tofauti, kwa sikio la Mswahili huweza kuwa kitu kimoja.

Aidha, katika Kiswahili mkazo kwa kawaida huwekwa kwenye silabi ya pili kutoka mwisho, na kila silabi hutamkwa kikamilifu. Katika Kiingereza mkazo huhama, na silabi zisizo na mkazo humezwa. Mkazo wa 'photograph' uko mwanzoni, wa 'photography' uko kwenye silabi ya pili, na wa 'photographic' uko kwenye silabi ya tatu.

Juu ya hayo, kila eneo lina yake. Kaskazini mwa England, watu wengi hutamka 'cup' kwa sauti inayokaribia u ya Kiswahili. London, wengi hudondosha t iliyo katikati ya neno 'water'. Scotland, r husikika wazi hata mwishoni mwa neno 'car', jambo ambalo huweza kumrahisishia Mswahili.

Msamiati nao hubadilika. Mskoti husema 'wee' akimaanisha kidogo, na 'aye' akimaanisha ndiyo. Kaskazini mwa England, 'tea' mara nyingi ni mlo wa jioni. Mgeni aliyealikwa 'tea' anaweza kwenda akiwa ameshiba, akitarajia kikombe cha chai, akakuta ameandaliwa sahani nzima ya chakula.

Hata hivyo, utafiti unatia moyo. Mwaka 2004, Constance Clarke na Merrill Garrett walionyesha kuwa msikilizaji huanza kuizoea lafudhi ngeni katika muda usiozidi dakika moja ya kumsikiliza msemaji. Kinachohitajika zaidi ni kusikiliza kwa wingi na kwa makini.

Mwaka 2009, Holger Mitterer na James McQueen waliwaonyesha Waholanzi filamu zenye lafudhi za Scotland na Australia. Waliosoma maandishi ya Kiingereza chini ya picha waliielewa lafudhi vizuri zaidi baadaye, lakini maandishi ya Kiholanzi yaliwarudisha nyuma. Funzo kwa msafiri ni kutazama filamu na vipindi vya mji anaokwenda, huku akisoma maneno yaleyale yanayotamkwa na si tafsiri yake.

Maandalizi hayo yaanze miezi kadhaa kabla ya safari. Vyuo vingi pia huwa na kozi za lugha kabla ya muhula kuanza, na masomo ya ziada ya Kiingereza katikati ya muhula. Mwanafunzi aulize mapema kuhusu masomo hayo na gharama zake.

Darasani, husaidia kusoma maandishi ya mhadhara kabla ya kuingia, kwa kuwa neno lililokwisha kuonwa husikika kwa urahisi. Mhadhiri akiruhusu, mhadhara urekodiwe, na sehemu zilizompita mwanafunzi zisikilizwe tena siku hiyohiyo.

Ama kuhusu lafudhi yake mwenyewe, mwanafunzi hana haja ya kuionea haya wala kuiga ya Waingereza. Murray Munro na Tracey Derwing walibainisha mwaka 1995 kuwa mtu anaweza kuwa na lafudhi nzito na bado akaeleweka vizuri.

Mswahili, tena, ana mtaji wake. Sauti za th na dh, zinazowasumbua wageni wengi, anazo tayari katika maneno 'thelathini' na 'dhahabu'. Juhudi zake azielekeze kwenye mkazo wa maneno na kutofautisha irabu, maana hapo ndipo kutoelewana hutokea mara nyingi.

Jambo gumu zaidi huenda likawa la tabia. Mwanafunzi aliyelelewa kumheshimu mwalimu kwa kunyamaza huona vibaya kumwomba profesa arudie alichosema, hivyo hutikisa kichwa kana kwamba ameelewa. Katika vyuo vya Uingereza, swali huhesabiwa kuwa dalili ya umakini.

Wahenga walisema kuuliza si ujinga. Anayeomba maelezo yarudiwe katika wiki ya kwanza hupoteza nusu dakika. Anayenyamaza hadi wakati wa tasnifu huweza kugundua, siku chache kabla ya kuikabidhi, kwamba hakuwahi kuelewa msimamizi wake alitaka nini.