Kuvuja mkojo baada ya upasuaji wa tezi dume kunatibika

Saratani ya tezi dume inaongoza miongoni mwa saratani zinazowapata wanaume wa Tanzania, na wengi hufika hospitali ikiwa imeshasambaa. Anayegundulika mapema anaweza kufanyiwa upasuaji wa kuondoa tezi yote na kupona. Lakini kuna jambo ambalo wengi hukutana nalo wakiwa wamesharudi nyumbani, na ambalo hawalisemi.

Chukua mkulima wa Endagikot, wilayani Mbulu. Mpira wa mkojo hutolewa wiki moja au mbili baada ya operesheni. Alfajiri ya baridi anakohoa, suruali inalowa. Anainua gunia la vitunguu saumu, inalowa tena. Taratibu anaacha kwenda mnadani, kanisani anakaa karibu na mlango, na maji anayakwepa. Hali hiyo ina tiba, na kinachoichelewesha zaidi ni ukimya.

Kwa nini mkojo unavuja

Tezi dume imekaa chini ya kibofu na kuuzunguka mrija wa mkojo. Mwanamume ana kama koki mbili za kuzuia mkojo. Ya ndani iko kwenye shingo ya kibofu na hujifunga yenyewe. Ya nje iko chini ya tezi, na ndiyo anayoibana anapojizuia. Tezi ikitolewa, koki ya ndani kwa kawaida hupotea kwa kuwa imeshikana nayo, kisha daktari hukiunganisha kibofu na mrija. Kazi yote inabaki kwa koki ya nje, ambayo misuli na mishipa yake ya fahamu huenda ilijeruhiwa. Ndiyo maana mkojo huponyoka mtu anapokohoa, kucheka, kuinuka kwenye kigoda au kunyanyua ndoo.

Wengine tatizo lao ni kibofu kinachojikaza ghafla: haja inambana mtu na hawahi kufika chooni. Hizi ni hali mbili tofauti, na kila moja ina tiba yake. Habari njema ni kwamba wengi hupata nafuu kubwa ndani ya miezi 3 hadi 12.

Zoezi lisilo na gharama

Tiba ya kwanza ni kuimarisha misuli ya sakafu ya nyonga. Daktari Mmarekani, Arnold Kegel, aliandika kuhusu mazoezi haya mwaka 1948 kwa ajili ya wanawake waliojifungua, na wanaume nao wananufaika.

Lala chali, magoti yakiwa yamekunjwa. Bana kana kwamba unazuia ushuzi na mkojo kwa pamoja. Ukipatia, uume hurudi ndani kidogo na korodani hupanda. Makalio, mapaja na tumbo vilegee, na pumzi usiizuie. Shikilia sekunde 5, legeza sekunde 10, rudia mara 10. Fanya hivyo asubuhi, mchana na jioni, ukiongeza polepole hadi kushikilia sekunde 10. Kisha litumie zoezi kazini: bana kabla ya kukohoa, bana kabla ya kuinua mzigo.

Ni vizuri kujifunza kabla ya operesheni. Mpira ukiwa bado umo, subiri. Usizoee kulifanya wakati unakojoa, maana mkojo unaweza kubaki kibofuni.

Maji usiyaache. Mkojo mzito huchokoza kibofu na kukifanya kibane zaidi. Punguza kahawa, chai kali na pombe, acha sigara inayoleta kikohozi, na kula mboga na maharage ili choo kisiwe kigumu.

Vifaa, dawa na operesheni

Wakati wa kusubiri, nepi za watu wazima husaidia. Upo pia mpira laini unaovishwa kwenye uume, wenye mrija unaopeleka mkojo kwenye mfuko unaofungwa mguuni. Ngozi ioshwe na kukaushwa kila mara. Kwa kibofu kinachojikaza ghafla, daktari anaweza kuandika vidonge vya kukituliza.

Ikiwa mwaka umepita na mazoezi hayajatosha, kuna upasuaji. Kwa anayevuja kidogo au kiasi, huwekwa ukanda unaoutegemeza mrija kutoka chini. Kwa anayevuja sana, kuna koki ya bandia, iliyobuniwa Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970. Mkanda wenye maji huuzunguka na kuuziba mrija, puto la akiba hukaa tumboni, na pampu ndogo hufichwa kwenye mfuko wa korodani. Akitaka kukojoa, anaibonyeza pampu kwa vidole, maji yanaondoka kwenye mkanda na mkojo unapita. Baada ya dakika chache mkanda hujaa wenyewe. Kifaa hiki ni ghali na huhitaji bingwa aliyezoea kukiweka.

Wapi pa kuanzia

Mkazi wa Mbulu anaweza kuanzia hospitali ya wilaya au Hospitali ya Kilutheri Haydom, inayotoa huduma tangu mwaka 1955. Kutoka huko anaweza kupewa rufaa kwa mabingwa wa mfumo wa mkojo KCMC, Moshi, au Muhimbili. Kabla ya kwenda, aandike kwa siku tatu: amekunywa nini, amekojoa mara ngapi, amevuja akifanya nini, amebadilisha nepi ngapi. Karatasi hiyo humsaidia sana daktari.

Asisubiri kliniki iwapo mkojo unakataa kutoka, unatoka kwa uzi mwembamba, una damu, au kuna homa. Njia inaweza kuwa imeziba, na kibofu kilichojaa pomoni nacho huvuja.

Mke na watoto wajue kwamba huu si uzembe wala uzee. Naye mgonjwa akiulizwa kliniki anaendeleaje, asijibu "salama" huku suruali imelowa. Aseme anavuja, kiasi gani na tangu lini, maana daktari hutibu alichoambiwa.