Fuawe la Mhunzi: Usiuziwe Mbuzi Kwenye Gunia

Wiki hii tuzungumzie chombo ambacho sisi wa mjini hatukifikirii kabisa: fuawe la mhunzi, yaani lile pande la chuma ambalo juu yake chuma chekundu hugongwa mpaka kikawa panga, shoka au jembe.

Kwa mkazi wa Dar es Salaam, panga ni kitu cha dukani. Kwa mkulima wa Kinjumbi, wilayani Kilwa, mambo ni mengine. Msimu wa ufuta haungoji mtu. Jembe likipinda au shoka likivunjika, mhunzi wa karibu ndiye duka na ndiye karakana. Ndiyo maana jamaa wa mjini huweza kupokea ujumbe kutoka nyumbani: tutafutie fuawe, hata kama limekwisha kutumika. Fedha hizo huenda ni za korosho za msimu mzima. Je, utalijuaje fuawe zuri?

Jambo la kwanza ni kuelewa kazi yake. Fuawe zuri hurudisha pigo la nyundo; fuawe bovu hulimeza. Mhunzi mwenye fuawe bovu hupiga mara nyingi zaidi, chuma hupoa kabla hakijakaa sawa, akakirudisha motoni na kuchoma mkaa zaidi. Gharama hiyo humwangukia mkulima.

Basi nenda na gololi ya beringi, ile ya chuma. Iachie ianguke kutoka sentimita 30 juu ya uso wa fuawe. Ikiruka na kurudi sentimita 22 au zaidi, uso ni mgumu, hilo ni fuawe la kweli. Ikirudi nusu tu, fikiri mara mbili. Ikirudi chini ya sentimita 10, liache. Huenda ni chuma kilichomiminwa kwenye kalibu, au fuawe lililoungua moto likapoteza ugumu wake. Rudia sehemu mbalimbali, kwani uso unaweza kuwa mgumu hapa na laini pale.

Kisha ligonge taratibu kwa nyundo ndogo. Wahenga walisema debe tupu haliachi kuvuma, lakini kwa fuawe mambo ni kinyume: mara nyingi linalolia kama kengele ndilo zima. Sauti ya kukwaruza huashiria ufa. Yapo machache, kama yale ya Fisher ya Marekani, ambayo hayalii kwa jinsi yalivyoundwa. Hayo yapime kwa gololi. Wala usipige kingo kwa nguvu, maana kipande kinaweza kuruka na kumpofua mtu.

Tazama pia uso wenyewe. Weka rula juu yake: bonde dogo si neno, lakini likiwa na shimo kama sahani, chuma hakitanyooka hapo. Kingo zilizomeguka kidogo zinavumilika. Alama za kulehemu ziulizie, kwa sababu joto la kulehemu huweza kulegeza ugumu wa uso.

Mafuawe ya zamani ya Uingereza huwa na tarakimu tatu ubavuni. Ya kwanza huzidishwa kwa ratili 112, ya pili kwa 28, ya tatu ni ratili zenyewe. Kwa hiyo 1, 2, 10 ni ratili 178, karibu kilo 81. Muuzaji akikuambia ni kilo 120, umekwisha kumjua.

Lakini tuseme kweli: wahunzi wetu wengi hutumia kipande cha reli. Ni chuma kigumu na kinafaa. Kisimamishwe wima, ili uzito wote uwe chini ya nyundo, na kifungwe imara kwenye gogo. Kasoro ni wepesi: nusu mita ya reli yenye kilo 45 kwa mita haifiki hata kilo 23.

Na hapa ndipo penye mtego. Reli iliyojengwa mwishoni mwa miaka ya 1940 kati ya Lindi na Nachingwea kwa ajili ya mpango wa karanga ilifungwa mwanzoni mwa miaka ya 1960 na kung'olewa. Basi ni rahisi muuzaji kudai kwamba kipande chake ni masalia ya huko. Dai si ushahidi. Reli zinazotumika ni mali ya umma, taruma moja likilegea maisha ya abiria yamo hatarini, na kupokea mali ya wizi ni kosa la jinai. Dai risiti yenye jina la muuzaji na asili ya chuma. Asipokuwa nayo, ondoka. Ukikwama, ulizia ofisi za SIDO, shirika la viwanda vidogo lililoundwa mwaka 1973.

Fuawe zuri hurithiwa na wajukuu. Bovu utalibeba mpaka Kinjumbi, na huko litakuwa jiwe la kukalia.