Bangkok: Jiji la kuzuru kwa mashua

Muulize mfanyabiashara wa nguo jijini Nairobi aliyewahi kufika Bangkok, mji mkuu wa Thailand, ni sehemu gani ya jiji hilo anayoifahamu vizuri. Aghalabu atakutajia Pratunam, soko la nguo za jumla ambako Waafrika wengi hujaza mabegi yao kisha wakarudi mbio uwanja wa ndege. Lakini muulize jina hilo lina maana gani, na huenda akakosa jibu.

Pratunam, kwa lugha ya Kithai, ni "mlango wa maji". Soko lilipewa jina la lango la kuzuilia na kufungulia maji kwenye mfereji unaopita hapo kando. Naam, msomaji, mfanyabiashara huyo hununua bidhaa zake hatua chache kutoka kwenye maji yaliyolijenga jiji, asiyatupie jicho.

Hasara hiyo si yake peke yake. Kutoka Nairobi hadi Bangkok ni mwendo wa kilomita 7,000 na ushei. Mtu akisafiri umbali huo wote na watoto wake, kisha siku zake ziishie kwenye maduka makubwa na foleni za magari, amerudi na picha tu. Bangkok ni jiji lililozaliwa majini. Anayetaka kulielewa, tena bila kutumia fedha nyingi, hana budi kulitazama kutoka kwenye mashua.

Jiji lenye jina refu

Mwaka wa 1767 majeshi ya Burma yaliuteketeza Ayutthaya, uliokuwa mji mkuu wa Wathai kwa zaidi ya miaka 400. Mfalme Taksin aliikusanya nchi upya akakaa Thonburi, ng'ambo ya magharibi ya mto Chao Phraya. Mwaka wa 1782 mfalme aliyemfuata, Rama I, aliuvusha mji mkuu hadi ukingo wa mashariki. Hapo mto umejipinda kama mkono unaokumbatia, na ulikuwa ngome ya bure upande wa magharibi. Upande wa pili alichimba mifereji, na makao yake yakawa kisiwa.

Wenyeji hawaliiti jiji hilo Bangkok. Wao husema Krung Thep, yaani jiji la malaika, na hicho ni kipande tu cha jina kamili. Jina zima, likiandikwa kwa herufi za Kizungu, lina herufi 168, na kitabu cha rekodi cha Guinness kimelitambua kuwa jina refu kuliko yote ya mahali duniani. Wape watoto wako kazi ya kulikariri wakati wa safari!

Siku ya kwanza: mtoni

Panda treni ya juu hadi kituo cha Saphan Taksin, ushuke ngazi hadi gati la Sathorn. Hapo utazikuta mashua za abiria zinazotofautishwa kwa rangi ya bendera. Tafuta yenye bendera ya rangi ya machungwa. Hiyo ndiyo "matatu" ya wafanyakazi na wanafunzi, na nauli yake haifiki baht 20. Baht moja ni kama shilingi nne za Kenya, kwa hivyo unatembezwa mtoni kwa bei isiyozidi ya soda mbili.

Shukia gati la Tha Chang, uende Kasri Kuu. Wafalme wa Thailand waliishi humo hadi mwaka wa 1925, na hadi leo sherehe za kifalme hufanyiwa huko. Ndani ya ua wake mna hekalu la Wat Phra Kaew, lenye sanamu ya Buddha inayoitwa ya zumaridi. Kwa kweli si zumaridi, bali ni jiwe jingine la kijani, na kimo chake hakifiki hata mita moja. Hata hivyo, hakuna sanamu inayoheshimiwa zaidi katika nchi hiyo. Mara tatu kwa mwaka, msimu wa joto, wa mvua na wa baridi, mfalme huibadilisha mavazi.

Mgeni hutozwa baht 500 kuingia, yaani kama shilingi 2,000. Hiyo ndiyo gharama kubwa ya siku, lakini watoto ambao kimo chao hakizidi sentimita 120 huingia bure.

Ukitoka hapo, tembea kwa miguu hadi Wat Pho. Utamwona Buddha aliyelala kwa ubavu, urefu wake mita 46, amepakwa dhahabu kutoka kichwani hadi miguuni. Usiishie usoni kama wafanyavyo wageni wengi. Nenda upande wa nyayo, ambako mafundi walitia nakshi 108 kwa magamba ya chaza yanayometameta. Wat Pho vilevile ni chuo cha kale cha tiba. Elimu ya dawa ilichorwa kwenye mawe ya kutani ili kila mtu aisome, na ufundi wa kukanda mwili unafunzwa huko hadi leo. Mwaka wa 2019 shirika la UNESCO liliuweka ufundi huo katika orodha ya urithi wa binadamu. Kama miguu imekuchoka, hapo ndipo mahali pake.

Kisha shuka gati la Tha Tien, uvuke mto kwa baht chache hadi Wat Arun, hekalu la alfajiri. Mnara wake unapita mita 60. Kwa mbali utadhani umechongwa katika jiwe moja. Ukisogea utagundua umepambwa kwa vipande vya sahani na bakuli za kauri kutoka Uchina. Inasimuliwa kwamba vyombo hivyo vilikuja kama farumi, ule uzito unaowekwa chini ya merikebu ili isiyumbe. Kilichokuwa mzigo wa kutupwa kikawa pambo la taifa.

Ukiwa upande huo wa mto, tenga saa moja kwa jumba la makumbusho la mashua za kifalme, kwenye mfereji wa Bangkok Noi. Ile iitwayo Suphannahong, yenye omo la umbo la bata-maji wa dhahabu, ilishushwa majini mwaka wa 1911. Ina urefu wa mita 46, na hupigwa makasia na watu 50. Hutolewa kwa nadra sana, na mojawapo ya misafara hiyo ulikuwa Oktoba 2024.

Siku ya pili: mfereji uliosalia

Hapo zamani Wathai walikwenda sokoni, hekaluni na hata mazikoni kwa mitumbwi. Wageni wa Ulaya ndio waliolalamika kwamba hawana pa kuendeshea magari yao ya farasi, na katika miaka ya 1860 Mfalme Rama IV akajenga barabara ya Charoen Krung. Karne iliyofuata magari yalishinda. Mifereji ikafukiwa mmoja baada ya mwingine ikawa barabara.

Miongoni mwa iliyosalia ni Saen Saep, uliochimbwa kuanzia mwaka wa 1837 ili kupitisha askari na silaha za vita kuelekea mashariki. Leo unapitisha makarani na wanafunzi. Mkenya akipanda mashua zake atajihisi yuko nyumbani. Kondakta hutembea kwenye ukingo wa nje wa mashua inayokwenda kasi, helmeti kichwani, akidai nauli kwa mkono mmoja huku ameshika kamba kwa mwingine. Abiria wa pembeni huvuta pazia la plastiki ili wasirushiwe maji. Kwenye daraja la chini, paa zima hushushwa na watu wakainamisha vichwa. Maji yenyewe si masafi, kwa hivyo ufumbe mdomo.

Kando ya mfereji huo ndipo ilipo nyumba ya Jim Thompson, Mmarekani aliyeuza hariri ya Thailand kote duniani baada ya vita vya pili. Alizikusanya nyumba sita za kale za mbao za msaji, akaziunganisha kuwa makao yake mwaka wa 1959. Machi 1967 alitoka kutembea kwenye vilima vya Cameron huko Malaysia, na hadi leo hajulikani alikokwenda. Ukiendelea na mashua ileile utafika Pratunam, na safari hii utajua kwa nini paliitwa hivyo.

Jioni nenda Yaowarat, mtaa wa Wachina. Wachina hao waliishi mahali palipojengwa Kasri Kuu, wakahamishwa mwaka wa 1782. Karibu nao, katika hekalu la Wat Traimit, kuna sanamu iliyodhaniwa kwa miaka mingi kuwa ya lipu tu. Mwaka wa 1955 ilipokuwa ikihamishwa, kamba zilikatika, ikaanguka na lipu ikabanduka. Ndani yake mlikuwa na dhahabu ya tani tano na nusu.

Siku ya tatu: deni la maji

Maji yaliyofukiwa hayakusahau njia yake. Sehemu kubwa ya Bangkok ina kimo cha mita moja na nusu hivi juu ya bahari. Isitoshe, kwa miaka mingi viwanda na nyumba vilifyonza maji ya chini ya ardhi kwa pampu, udongo wake laini ukawa unatitia. Sheria za kudhibiti visima zimeupunguza mwendo huo, lakini hazijaukomesha.

Mwaka wa 2011 deni hilo lilidaiwa. Mafuriko yaliyotoka kaskazini yaliua zaidi ya watu 800 kote nchini na kufunga uwanja wa ndege wa Don Mueang. Katikati ya jiji palinusurika kwa kuta za mifuko ya mchanga, ilhali vitongoji vilivyoachwa nje ya kuta hizo vilikaa majini kwa wiki nyingi. Wakazi wa huko waliuliza kwa uchungu ni nani aliyeamua wazame wao ili wengine wakauke.

Jibu mojawapo waweza kulizuru, tena bila malipo. Bustani ya miaka 100 ya Chuo Kikuu cha Chulalongkorn, iliyofunguliwa mwaka wa 2017, ilisanifiwa na Kotchakorn Voraakhom, binti wa jiji hilohilo. Ardhi yake imeinamishwa kwa makusudi. Mvua huteremka kutoka upande wa juu, ikachujwa na mimea, ikaishia kwenye bwawa upande wa chini. Bustani nzima yaweza kuhifadhi karibu lita milioni nne ambazo zingemwagika barabarani. Kuna hata baiskeli zilizokitwa majini. Mtoto akikanyaga pedali, anayachanganya maji na hewa yasioze.

Malizia jioni katika bustani ya Lumphini, uwaone kenge wakubwa wakiota jua kando ya ziwa bila kujali watu. Ifikapo saa kumi na mbili kamili wimbo wa taifa hupigwa, na wote waliokuwa wakikimbia husimama wima. Simama nao. Kama ni Jumamosi au Jumapili, asubuhi yake utakuwa umepita Chatuchak, soko la wikendi lenye maelfu ya vibanda, ambako bei huzungumzwa kwa tabasamu.

Kabla hujafunga mizigo

Thibitisha masharti ya viza na ubalozi wa Thailand ulioko Nairobi, na usisahau cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwani msafiri atokaye Kenya hudaiwa. Miezi ya Novemba hadi Februari ndiyo yenye nafuu ya joto. Aprili huchoma, ingawa ndiyo ya Songkran, mwaka mpya wa Kithai, ambapo watu humwagiana maji mitaani.

Mahekaluni funika mabega na magoti, vua viatu, wala usiielekezee sanamu nyayo zako. Mwanamke asimguse mtawa. Usimfanyie mfalme mzaha hata kidogo, kwa kuwa sheria ya huko ina adhabu ya kifungo cha miaka mingi. Chakula cha halali kinapatikana, hasa karibu na msikiti wa Haroon, kando ya Charoen Krung.

Jihadhari na mtu mwungwana atakayekuambia nje ya Kasri Kuu kwamba leo pamefungwa, kisha akuitie tuktuk ya bei ya kutupa. Mwisho wa safari hiyo ni duka la vito. Mwitikie kwa adabu, kisha nenda ukalione lango mwenyewe.

Kwa vijana kuna neno zito zaidi. Tangu mwaka wa 2022 serikali imekuwa ikionya kuhusu ahadi za kazi nono Thailand, kwani Wakenya kadhaa walivushwa kutoka huko hadi Myanmar na kutumikishwa katika makambi ya utapeli wa mitandaoni. Nenda kutembea au kusoma. Kazi uliyopewa na mtu usiyemjua, chunguza kwanza.

Wahenga walisema maji usiyoyafika hujui kina chake. Basi ukifika Bangkok, usiyaangalie kutoka dirisha la teksi. Keti kwenye mashua karibu na mama anayerudi sokoni, umwonyeshe mwanao kasri upande mmoja, mnara wa kauri upande mwingine, na alama za mafuriko kwenye kuta. Atakuwa amesoma historia, dini na jiografia kwa nauli isiyofika shilingi 100.