Mapumziko Kando ya Tana, Upande wa Gachoka (Sehemu ya Pili)

Juma lililopita tulimwacha msomaji Makutano, pale ambapo njia kuu itokayo Nairobi hujigawa, mkono mmoja ukishika Sagana na Nyeri na wa pili ukielekea Embu na Meru. Na kwa kuwa habari za njia zilikwisha kuelezwa, leo tutayapita upesi mashamba ya mpunga ya Mwea, ambayo yalianzishwa katika miaka ya 1950 kwa jasho la mahabusi wa vita vya Mau Mau, tupate kuteremkia nchi ya Wambeere, ambako ardhi hukauka, migunga huzidi, na mgeni hulivua koti alilolivaa alfajiri. Gachoka ni mji mdogo wa Mbeere Kusini katika kaunti ya Embu, ambao hadi mwaka 2013 ulilipa jina lake jimbo zima la uchaguzi, na mtu asiyekuwa na haja aweza kuupita bila ya kutambua kuwa ameupita. Haja ya wengi wanaokwenda pande zile mwisho wa juma ni maji: Mto Thiba, Mto Tana, na hizi loji zilizopanga vibanda vyao karibu na kingo.

Desturi ya mtu wa mjini kwenda kulala kando ya mto si ngeni katika nchi ya Embu. Mjini Embu ipo hoteli kongwe ya tangu zama za Waingereza iitwayo Izaak Walton, kwa jina la yule mwandishi aliyetoa mwaka 1653 kitabu mashuhuri juu ya uvuvi wa ndoana, na jina hilo latosha kueleza ni wageni wa namna gani waliokusudiwa: waungwana waliofuata trauti, samaki wa Ulaya aliyetiwa katika mito ya milimani mwanzoni mwa karne ya 20. Samaki huyo hapendi ila maji ya baridi yaendayo kasi. Basi starehe ya siku zile ilikuwa juu, penye ukungu na moto wa kuni, wala haikushuka hata Gachoka, ambako maji yaliyotoka katika Mlima Kenya yamekwisha kupata uvuguvugu na matope.

Lililoibadili hali hiyo, kwa maoni yangu, ni umeme. Juu ya Tana yamejengwa mabwawa matano yanayofuatana: Kindaruma mwaka 1968, Kamburu mwaka 1974, Gitaru mwaka 1978, Masinga mwaka 1981, na Kiambere mwaka 1988. Msomaji mwangalifu akitazama ramani ataona ajabu moja, nayo ni kwamba Masinga, ambalo ndilo la juu kuliko yote na la kwanza kuyapokea maji, kwa umri ni la nne. Yale yaliyotangulia yaliutegemea mto uje kama upendavyo, na Tana, kama mito mingine inayolishwa na mvua za masika na za vuli, hauji sawasawa mwaka mzima. Kwa hiyo ikalazimu kujengwa huko juu hodhi kubwa la akiba, lenye uwezo wa kuhifadhi zaidi ya mita za ujazo bilioni moja na nusu, ili maji ya mwezi wa Mei yapatikane hata Septemba, na mitambo isikae bure.

Nayataja haya kwa sababu utulivu ambao mgeni huulipia fedha zake umetokana nayo. Yale maji mapana yasiyo na haraka, ambayo mtu huyatazama kutoka barazani akidhani kwamba yalikuwa hivyo tangu Mola alipoiumba dunia, si kitu ila mto uliozuiliwa. Na kabla ya kuzuiliwa, mahali pale palikuwa na mkondo, mawe na maporomoko. Hata hifadhi ya wanyama ya Mwea, yenye eneo la kilomita za mraba zipatazo 42 pembeni mwa ziwa la Kamburu, ilitangazwa mwaka 1976, yaani miaka miwili tu baada ya bwawa hilo kukamilika. Sisi watu wa pwani tumezoea maji kujaa na kupwa kwa amri ya mwezi. Huku ziwa hujaa na kupwa kwa amri ya wahandisi, kwa kadiri ya umeme unaotakiwa na mvua iliyonyesha. Ila amri hiyo ina mpaka: katika mvua kubwa za mwaka 2024 Masinga lilifurika, maji yakapita juu kwa nguvu zake, na watu wa Garissa, walio mbali sana huko chini, wakayaona madhara yake.

Mwenye kupata nafasi naatazame tofauti ya mito miwili. Tana inayoingia Kamburu imekwisha kutua Masinga, ikaacha humo sehemu kubwa ya udongo wake, ilhali Thiba huja na udongo wa mashambani. Na mvua ikinyesha huko juu usiku, asubuhi maji yake huwa mekundu kama chai ya rangi, hata kama Gachoka kwenyewe halikudondoka tone. Hilo kwangu lina ladha kuliko kuogelea katika kidimbwi cha loji, ingawa watoto hawatakubaliana nami.

Wapenzi wa ndege huenda huko kwa ajili ya ndege mmoja mdogo, wa rangi ya majivu na hudhurungi, asiyepatikana ila Kenya, ambaye wataalamu wamempa jina la Hinde. Zamani makao yake yalikuwa vichaka vya kando ya mito. Vichaka vilipofyekwa kwa kilimo, akahamia katika lantana, mmea uliotoka Amerika ambao kila mkulima huulaani. Basi adimu huyu anaishi kwa hisani ya gugu.

Kuhusu hadhari, maneno machache yatatosha. Kiboko hushinda majini na usiku hutoka kula majani, naye akikutwa baina ya malisho na maji hana simile. Kwa hiyo asitokee mtu kwenda ukingoni baada ya magharibi bila ya mlinzi. Mamba hana saa. Chandarua kiteremshwe kabla ya jua kuchwa, na maji yaliyotuama yasichezewe miguu mitupu, maana kichocho ni maradhi yanayojulikana sana katika nchi ya Mwea. Saa za raha kwa kweli ni mbili: alfajiri, na alasiri kuelekea jioni, adhuhuri ya Mbeere ni ya kulala.

Asubuhi ya Jumapili ni vyema mtu atoke katika uzio wa loji aende sokoni Kiritiri au kwingineko, anunue asali, pojo au maembe ya msimu, na akitaka kujua habari za wenyeji na atafute kazi ya mwanahistoria Mwaniki, aliyeandika habari za Embu na Mbeere mpaka mwaka 1906. Ataona pia kwamba njia nzima nguzo kubwa za chuma zimebeba nyaya nene, na pengine chini yake ipo nyumba inayowashwa kibatari. Wengi hudhani kuwa aliye jirani na bwawa ndiye wa kwanza kupata taa. Hasha. Umeme wa Kamburu, unaozalishwa chini ya ardhi katika pango lililochongwa mwambani, hutiwa nguvu kubwa mno isiyofaa kwa matumizi ya nyumba, ukapelekwa mbali katika gridi ya taifa. Na ili umrudie mtu wa Gachoka hauna budi kupunguzwa nguvu katika vituo maalumu, ukaja kwa nguzo za kawaida ambazo mtu sharti aletewe, aunganishiwe na alipie. Kwa miaka mingi nyaya zilipita juu ya mapaa hayo bila ya kuteremka. Kwa hiyo mgeni akizimikiwa na taa usiku wa Jumamosi, hatua chache tu kutoka kwenye maji yanayoiangaza Nairobi, asimkaripie mtumishi wa loji.