Neno la Mgonjwa Katika Saa ya Dharura

Kazi ya utabibu humwamrisha mtu mambo mawili ambayo aghalabu hufuatana kwa amani: kuuponya mwili wa mgonjwa na kuiheshimu hiari yake. Katika chumba cha kawaida cha daktari, ambako mgonjwa ameketi kitini na siku ni ndefu, mambo hayo hayagombani, kwa kuwa upo wasaa wa kuuliza, kuelezwa, kwenda kutafakari na kurudi. Ugomvi huzuka katika idara ya dharura, mgonjwa aletwapo juu ya machela akivuja damu, na kila dakika ipitayo ikichukua sehemu ya uhai wake. Hapo ndipo watu wengi, na baadhi ya matabibu miongoni mwao, hudhani kwamba hiari ya mgonjwa imekwisha kuondolewa na hali yenyewe, na kwamba aliye na sindano mkononi ndiye mwenye amri. Dhana hiyo si sahihi kisheria, nami naiona kuwa si insafu pia.

Msingi wa kanuni ya dharura ni ukimya wa mgonjwa. Mtu aliyepoteza fahamu hawezi kukubali wala kukataa, na kumwacha afe kwa kungoja neno asiloweza kulitamka kungekuwa dhuluma. Kwa hiyo sheria za nchi nyingi humchukulia kana kwamba angalikubali, na humruhusu tabibu kutenda lile ambalo haliwezi kungoja. Mwaka 1914 jaji Benjamin Cardozo wa New York, alipoeleza kwamba kila mtu mzima mwenye akili timamu ndiye mwenye kuamua mwili wake utendwe nini, alilitenga jambo moja: dharura ya mtu asiye na fahamu ambaye haiwezekani kuingoja ridhaa yake. Dharura, basi, hunena kwa niaba ya aliyenyamaza. Haina ruhusa ya kumnyamazisha aliyekwisha kunena.

Kesi iliyolidhihirisha jambo hilo kuliko zote nizijuazo ilitoka Kanada. Mwaka 1979, katika jimbo la Ontario, bibi mmoja aliletwa hospitalini kutoka katika ajali ya gari iliyomuua mumewe, mwenyewe akiwa amejeruhiwa vibaya na kupoteza damu nyingi. Muuguzi akaona katika mkoba wake kadi iliyoandikwa kwa Kifaransa, yenye saini yake, isemayo kwamba yeye ni Shahidi wa Yehova na kwamba asiongezewe damu kwa hali yoyote. Kadi haikuwa na tarehe wala saini ya shahidi. Daktari aliambiwa, na hali ya mgonjwa ilipozidi kuwa mbaya, akamwongezea damu kwa mkono wake mwenyewe, na hata binti wa bibi yule alipofika akataka ikomeshwe, hakukomesha. Bibi akapona, kisha akashtaki. Mahakama ilikiri kwamba daktari alitenda kwa nia njema na kwa ustadi, na kwamba huenda ndiye aliyeyaokoa maisha yake. Hata hivyo ilimtoza dola 20,000, na Mahakama ya Rufani ya Ontario ikaithibitisha hukumu hiyo mwaka 1990.

Najua kwamba wako wasomaji watakaomhurumia daktari yule, nami namhurumia, maana hakuwa mtu mwovu. Lakini tukiikubali hoja yake, kwamba kadi ile huenda ilikuwa ya zamani au huenda mwenyewe angalibadili nia, hapatakuwa na maandishi yoyote ya mtu mzima yatakayomlinda mara alalapo, kwa sababu shaka ya namna hiyo yaweza kubuniwa juu ya kila karatasi.

Kwetu Afrika Mashariki, Kenya imeliandika jambo hili waziwazi. Ibara ya 43 ya Katiba ya mwaka 2010 yakataza mtu kunyimwa matibabu ya dharura, na Sheria ya Afya ya mwaka 2017 yamwajibisha mtoa huduma kumweleza mgonjwa hali yake, tiba zilizopo, haki yake ya kuikataa tiba anayoshauriwa, na matokeo ya kukataa huko. Miongoni mwa hali ambazo sheria hiyo yaruhusu mtu atibiwe bila ridhaa, mojawapo ni ile ambayo kuchelewa kwaweza kuleta kifo au madhara yasiyorekebishika, lakini kwa sharti kwamba mgonjwa hakuwa ameikataa huduma ile kwa kauli wala kwa mwenendo wake. Haki ya kutofukuzwa mlangoni, basi, haikugeuzwa kuwa wajibu wa kupokea kila kitu kilichomo ndani.

Swali gumu zaidi ni nani aliye na akili timamu saa hiyo. Damu ikipungua, sukari ikishuka, pombe ikitawala au hofu ikipanda kichwani, mtu aweza kutamka "sitaki" lisilokuwa lake. Mwaka 1997 mahakama ya Uingereza iliamua kwamba mama mjamzito aliyekubali kupasuliwa ili ajifungue, lakini akatekwa na hofu ya sindano kila alipokaribiwa, alikuwa amepoteza kwa muda uwezo wa kuamua. Kipimo kinachofuatwa huko si hekima ya uamuzi, bali kama mgonjwa aelewa alichoambiwa, akikumbuka, akipima, na kuueleza uamuzi wake. Na ikiwa shaka ya kweli yabaki, uhai hutangulizwa. Wala maradhi ya akili hayamwondolei mtu haki hii moja kwa moja. Mwaka 1993 mahakama nyingine ya Uingereza ilimsikiliza mzee wa miaka 68, mgonjwa wa skizofrenia aliyefungiwa katika hospitali ya Broadmoor, ambaye mguu wake ulikuwa ukioza na ambaye mpasuaji alimkadiria asilimia 15 tu ya kupona asipokatwa. Mzee yule aliamini kwamba yeye mwenyewe ni daktari mashuhuri. Lakini aliyaelewa maelezo kuhusu mguu wake, akakataa, na mahakama ikaamuru usikatwe bila idhini yake. Alinusurika.

Huku kwetu, walakini, kukataa mara nyingi hakutoki kwa mgonjwa. Mama yuko katika uchungu, mapigo ya moyo wa mtoto yanalegea, daktari asema upasuaji haukwepeki. Na barazani jamaa wanashauriana, mmoja ataka mume angojwe, mwingine asema mama mkwe hajaridhia, na fomu ya ridhaa yatembea mikononi mwa watu wote isipokuwa mwenye tumbo. Kuwashirikisha jamaa ni adabu yetu njema, nami sitaki ife. Bali mwanamke mzima mwenye fahamu zake ndiye mwenye ridhaa, na saini yake yatosha; na muuguzi ainamaye na kumwuliza, "Mama, wewe mwenyewe wasemaje?" amekuwa mwaminifu kwa sheria na kwa ubinadamu kwa pamoja. Na shinikizo la jamaa laweza kujificha hata ndani ya kauli ya mgonjwa mwenyewe: mwaka 1992, Uingereza, binti mjamzito aliyepata ajali ya gari alikataa damu baada ya kukaa faraghani na mama yake, Shahidi wa Yehova, ilhali yeye mwenyewe hakuwa muumini kamili. Majaji waliona kwamba kauli ile haikuwa yake, wakaruhusu aongezewe. Na mwaka 1998 mahakama zilezile zilimtetea mwanamke mwenye dalili za kifafa cha mimba, aliyezuiliwa kwa hila ya sheria ya wagonjwa wa akili na kupasuliwa kwa nguvu: alikuwa timamu, na kukataa kwake kulikuwa kwake kweli.

Watoto wadogo wana hukumu yao. Mzazi hana mamlaka juu ya uhai wa mwanawe kama aliyo nayo juu ya wake mwenyewe, na mahakama huweza kuingilia kati.

Hata wanaotafuta hifadhi ya hakimu hawasalimiki wakipita nyuma ya mgonjwa. Mwaka 2018, nchini Hispania, mwanamke aliyekuwa ameandika mapema kwamba hataki damu alihamishiwa hospitali ya Madrid. Naye akiwa bado njiani ndani ya gari la wagonjwa, madaktari walimtaka ruhusa hakimu wa zamu, ambaye kwa maelezo pungufu aliidhinisha tiba zote. Alifika akiwa na fahamu, akapasuliwa na kuongezewa damu, wala hakuna aliyemwuliza. Septemba 2024, Mahakama ya Ulaya ya Haki za Binadamu iliamua kwamba haki yake ilivunjwa.

Nalo "hapana" la mgonjwa lina kiasi chake. Aliyekataa damu hakukataa maji ya mshipani, oksijeni, dawa ya maumivu, kufungwa jeraha, wala kushikwa mkono. Na ni kosa zito kumwekea fomu ya kuondoka mbele yake kisha kumpa kisogo kana kwamba ametukana. Daktari huandika katika faili alichokieleza, alichojibiwa, saa, na nani alikuwapo. Kisha huendelea na yote yaliyoruhusiwa. Na aliyekataa saa tatu usiku akisema saa tano "nipeni", hupewa papo hapo, bila lawama.